Punda wa Mzee Mbwana Siku ya Matawi

Enzi zetu pale Ngamiani, miaka ya hamsini, nyumba moja ilitosha makabila matatu na dini mbili, na uani bado palibaki nafasi ya kuchezea rede. Ninyi wenzangu mliokulia kwenye zile barabara za namba mtanielewa. Hawa wajukuu zetu, kila mmoja na chumba chake na simu yake, nikiwaeleza wanadhani nawatungia hadithi.

Sisi tulipanga kwa Mzee Mbwana, Mdigo mwenye maneno machache na hasira za karibu, aliyekuwa akichukuza nazi na madafu kwa mkokoteni wa punda. Baba yangu alikuwa Mshambaa aliyeteremka kutoka milimani kufanya kazi reli, na tulikuwa Walutheri. Chumba chetu kilitazamana na cha Bi Mwanaidi, mke wa Mzee Mbwana, na jiko la uani lilikuwa la wote. Mama akiletewa mapeasi na maharage kutoka kwao Lushoto, bakuli lilivuka kwenda upande wa pili. Bi Mwanaidi akipika samaki wa kupaka, au asubuhi akichoma vibibi vya tui zito, bakuli lilirudi, na halikurudi tupu hata mara moja. Mwezi wa Ramadhani waliofunga walikuwa wao na walionenepa tulikuwa sisi.

Binti yao Mwanahamisi alikuwa rika langu. Tulisukana nywele, tulicheza mdako mpaka vidole vikachubuka, na mchana wa joto tulilala mkeka mmoja ukumbini ambako upepo ulipita kutoka mlango wa mbele hadi wa uani. Asubuhi yeye alikwenda chuoni na juzuu yake, mimi shule na kibao changu. Jioni kila mtu alisoma yake kwa sauti ya juu, yeye Kiarabu asichokielewa, mimi Kiingereza nisichokielewa, na mama zetu walijisifu kwa majirani kwamba wana wasomi. Nilimpenda Mwanahamisi kuliko ndugu zangu wa damu, nasema hivyo bila haya, na kaka yangu Stefano ameshanisikia nikilisema hili mara nyingi.

Jumamosi alasiri mimi na Stefano tulikwenda kwa Mwalimu Yeremia, mwinjilisti wetu, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Hakutuwekea katuni kama watoto wa leo wanavyowekewa ili watulie. Alitukalisha kwenye mabenchi nyuma ya kanisa na kutuuliza maswali ambayo wazazi wetu wenyewe wangeyakimbia. Mwaka mmoja, Kwaresima ilipoanza, alituuliza kwamba lau tungekuwa Wayahudi wa zamani zile, Masihi tungemngoja atokee wapi.

Tukajibu bila kusita kwamba angetokea Mombasa. Kila kitu kikubwa tulichokijua kilitoka Mombasa kwa njia ya Horohoro: vitambaa vya sikukuu, vikundi vya taarabu, magari mapya, hata habari za siasa zilizowafanya baba zetu washushe sauti. Stefano akaongeza kwamba angekuja na gari jeusi lenye bendera, mbele beni ya tarumbeta, nyuma askari, amwondoe bwana DC pale bomani na kisha agawe sukari. Tukapiga makofi. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, halafu akasema kwamba tumejibu sawasawa na Wayahudi wenyewe.

Akatueleza kwamba Masihi maana yake ni aliyepakwa mafuta. Katika Israeli ya kale mfalme alimiminiwa mafuta kichwani, na kuhani vilevile. Ufalme wa Daudi ulipovunjika, wakatawaliwa na wageni, huyu akitoka yule akiingia mpaka Warumi, watu wakawa wanamngoja mpakwa mafuta mwingine. Wala hawakumngoja kwa namna moja. Kuna waliotaka mfalme wa ukoo wa Daudi mwenye upanga, kuna waliotaka kuhani wa kulisafisha hekalu, na wengine walitazama mawinguni. Wale wa kwanza waliomfuata Yesu, alisema, walikuwa Wayahudi vilevile, wakishika Sabato yao na kwenda hekaluni kusali, na hawakujua kabisa kwamba watu wa baadaye wataiita imani yao dini nyingine. Walichosema ni kwamba tuliyemngoja amekuja, ila hakuja tulivyodhani. Tena aliuawa, ikabidi wawarudie manabii wao na kuwasoma upya, wakimtafuta Masihi anayeumia mahali walipozoea kumwona mfalme tu.

Jambo lile liliniingia moyoni. Nilirudi mbio nikamsimulia Mwanahamisi, naye akanijibu kwa utulivu kwamba hata chuoni kwao yumo, Masihi Isa bin Maryamu, na kwamba atarudi. Nilishangaa, maana nilidhani ni wetu peke yetu. Kisha tukagundua kwamba sisi nasi tunapakwa mafuta ya nazi kila tukitoka kuoga, tukahesabu masihi wote waliomo uani, tukaanza kusujudiana. Mama alitukemea. Bi Mwanaidi alitukemea zaidi.

Sasa Mwalimu Yeremia, kwa jinsi alivyofurahishwa na majibu yetu, akaamua kwamba Jumapili ya Matawi tuonyeshe barabarani jinsi Yesu alivyoingia Yerusalemu bila gari wala beni. Stefano alichaguliwa awe Yesu kwa kuwa alikuwa mrefu na alijua kunyamaza akitaka. Mama alimshonea kanzu kwa shuka jipya, akawa anamjaribisha kila jioni. Kilichobaki ni punda, na punda mpole alikuwa mmoja tu mtaani petu. Baba akatumwa kuomba.

Alimkuta Mzee Mbwana barazani, akamwamkia shikamoo, akaeleza haja yake. Mzee akauliza ni nani atakayepanda. Baba akasema ni Stefano, atakuwa yeye ndiye Yesu. Mzee Mbwana akakusanya tasbihi yake, akaingia ndani bila kujibu. Kwa mtu wa kawaida huko ni kuchelewa kujibu, lakini sisi tuliokaa naye tulijua amekasirika.

Toka siku ile uani pakawa kimya. Bakuli halikuvuka. Bi Mwanaidi alipika mapema akamaliza kabla ya Mama kuwasha moto, na wakikutana mlangoni walisalimiana kwa adabu tupu, adabu inayoumiza kuliko matusi. Mwanahamisi aliambiwa alale chumbani kwao. Nikamsikia Baba akimwambia Mama kwamba huenda tukatafuta chumba mtaa wa Chuda, kwani mwenye nyumba akinuna mpangaji hana raha. Mama akaanza kuvitenga vyombo vyetu na vyao, na kwa kweli hakujua kipi ni cha nani. Nililia kwa siri chooni. Sikujali matawi, sikujali kanzu ya Stefano, nilichotaka ni kubaki nyumba moja na Mwanahamisi, na niliona mambo ya Masihi ndiyo yatakayonitoa.

Mwalimu Yeremia aliposikia, alikuja mwenyewe baada ya alasiri. Baba alikwenda kumlaki, na sisi watoto tukajibanza ukumbini nyuma ya mlango, mimi huku, Mwanahamisi kule, bila kutazamana. Mzee Mbwana alimkaribisha kahawa kwa sababu mgeni ni mgeni. Wakazungumza habari za bei ya nazi, za mvua, za barabara ya Maramba iliyoharibika, mpaka nikadhani wamesahau. Hatimaye Mzee akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, punda miye n'takupa, wala sitaki ujira," alisema. "Lakini Nabii Isa kwetu siye hachezwi. Mtoto wa mtu avikwe kanzu, akae juu, watu wamnyooshee kidole kuwa ndiye? Hilo halipandi juu ya punda wangu."

Mwalimu uso ulimbadilika. Alikuwa mtu mpole, lakini kuna wazee wa kanisa waliokwisha kumlaumu kwamba anawafundisha watoto mambo makubwa mno, na sasa angewaambia nini? Akauliza, kwa sauti kavu kidogo, kwamba kama Stefano haruhusiwi, basi apande nani.

"Asipande mtu," alisema Mzee Mbwana.

Nilimwona Mwalimu akiitazama barabara, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa kuku. Halafu akamuuliza Mzee kama naye anamngoja Isa. Mzee akasema ndiyo, anamngoja, atashuka, hilo hata mtoto wa chuoni alijua. Mwalimu akasema hata yeye anamngoja arudi. Wakatazamana kama watu wawili waliokutana kituoni na kugundua kwamba wamekuja kumpokea ndugu mmoja.

"Basi punda yuko tayari," alisema Mzee Mbwana, akammiminia kahawa nyingine.

Stefano alilia siku nzima, na simcheki, maana alikuwa ameshajifunza kutembea taratibu. Wazee wa kanisa walinung'unika kwamba punda asiye na mtu ataonekana ametoroka tu. Mwalimu akasema kama ni lawama atazibeba yeye. Jumapili ilipofika, Mzee Mbwana alimwosha punda kwa maji ya kisima tangu alfajiri, akamsugua mpaka akang'aa, kisha akatangaza kwamba mnyama huyu hamsikii mtu mwingine ila Mwanahamisi, kwa hiyo Mwanahamisi ndiye atakayeshika kamba. Sikuwahi kuisikia habari hiyo kabla. Mpaka leo naamini aliitunga pale pale.

Tukatoka. Mbele Mwanahamisi na ushungi wake mweupe, mimi ubavuni kwake, nyuma yetu watoto wa kanisa na makuti mabichi, na nyuma yao watoto wa mtaa mzima ambao hawakuwa wa kanisa ila walipenda kelele. Stefano naye alikuja, amenuna, akapewa kuti refu kuliko yote. Mwanzoni ilikuwa vurugu. Punda alisimama njiani akala mapambo yetu, na mama mmoja aliyetandika kanga yake chini aliinyakua haraka alipoona mnyama anainua mkia. Watu wakacheka, tukacheka.

Lakini tulivyozidi kwenda, kicheko kilipungua. Watu waliokuwa barazani walitazama mgongo ule mtupu, wakaangalia nyuma yetu kuona kama mpandaji anakuja, wakamrudia punda. Wachezaji wa bao wakaacha kete zao. Mzee mmoja aliuliza mgeni ni nani, na mimi sikujua nijibu nini, nikasema bado. Akaitikia kwa kichwa, akasimama, na wenzake wakasimama naye. Hakuna Stefano wa kanzu ya shuka ambaye angewasimamisha wale watu wa barazani.

Tulipofika mlangoni pa kanisa, Mwalimu Yeremia alimshika punda shingoni, akazungumza kwa sauti ya kawaida, tofauti na ya mahubiri. Alisema kwamba pale mgongoni kila mmoja wetu anaona lake. "Wako Wayahudi mpaka leo wanasema hajapanda bado. Jirani yetu anasema aliyepanda haigizwi. Sisi twasema amekwisha kupanda, na tunamngoja tena. Lakini leo, wanangu, tumetembea wote nyuma ya punda mmoja." Halafu akatuambia tukaimbe, jua lilikuwa kali.

Mchana ule Bi Mwanaidi alituma wali wa nazi uani, sinia zima, na Mama akakaa palepale wakala pamoja, akimwambia kwamba ile kanzu ataipasua iwe foronya. Bi Mwanaidi akasema kitambaa ni kizuri, azitoe mbili, moja yake. Mkeka wetu ukarudi ukumbini. Nilimshika Mwanahamisi mkono nikalala usingizi mzito wa mtu aliyepona homa. Hatukuhama ile nyumba mpaka Baba alipostaafu.

Leo nakaa Pongwe kwa binti yangu. Igizo la Matawi bado lipo, tena kubwa. Vijana wana vipaza sauti, wana ndevu za bandia zinazokaa vizuri, na Yesu wao huwa na miwani ya jua mpaka dakika ya kuanza. Wanarekodi kila kitu halafu hawatazami. Nawapenda, wanaimba vizuri kuliko tulivyoimba sisi. Kinachonikaa kooni ni kwamba wanajitosheleza. Kila kitu wanakodi, wanapakia kwenye gari, wanashusha, wanarudisha, na jirani anabaki ukutani kwake akisikia kelele asijue ni za nini. Na kwenye simu zao wanabishana na watoto wa Kiislamu juu ya Masihi kwa matusi ambayo sisi tungechapwa kwayo na mama wote wawili.

Mwaka huu mjukuu wangu Neema aliwekwa kwenye kamati. Alikuja kunilalamikia kwamba punda wa kukodi yuko mbali na lori ni ghali. Nikamuuliza mbona jirani yetu anayechota mchanga ana punda watatu. Akasema yule ni Mwislamu wa msimamo, atakataa, Bibi, na kama hatakataa ataweka masharti.

"Akikupa sharti, mwanangu, ujue bado anazungumza nawe," nilimwambia. "Kaa umsikilize."

Neema akaiweka simu mfukoni, akachukua kanga yangu moja akajitanda vizuri, akavuka barabara. Nikamsikia akibisha hodi, nikasikia akijibiwa karibu. Nikasogeza kiti changu mlangoni, nikawa namngoja.