Supa Isiyonukia

Kiwanda chetu cha kukoboa mpunga pale Ifakara kilikuwa na desturi moja. Mzigo haupandi lori kabla sufuria moja ya mchele wake haijapikwa uani na wote kuonja, mnunuzi akiwemo. Mimi nilikuwa fundi wa mashine. Miaka hiyo nilikuwa nikisoma vitabu vya uongozi wa biashara, vile vilivyokwishatumika, na nilidhani maana ya uwajibikaji naijua.

Siku hiyo mzigo ulikuwa supa, mpunga ule wa kunukia, ya mama mmoja mkulima wa Michenga, mavuno yake yote ya mwaka. Alitaka kuezeka nyumba yake kwa bati kabla mvua hazijarudi. Mnunuzi alitoka Dar es Salaam, na lori lilikwisha kugeuzwa.

Mkurugenzi wetu, mwanamke wa rika langu, alifunua sufuria akainamia mvuke. Akainama tena.

"Hii hainukii," alisema.

Nilijua sababu kabla hajauliza. Wiki iliyotangulia, yeye akiwa safarini Malinyi, mvua isiyo ya msimu ilitukuta na mpunga umeanikwa kwenye maturubai: supa ya mama yule, na pembeni yake saro ya kiwanda, ambayo huzaa sana lakini haina harufu. Vijana walikimbia kuokoa, wakakusanya kwa majembe na mikono. Kila mmoja aliamini mwenzake anajua mpaka uko wapi.

Mnunuzi alichota mchele kiganjani, akamwonyesha mkurugenzi. "Mama, mweupe, haujavunjika. Mjini watu wanakula kwa macho. Andika supa twende. Nani atajua?"

"Wewe umeshajua," mkurugenzi alimjibu. "Mimi nimeshajua. Na huyu fundi ameshajua, na unavyomwona, hawezi kulala bila kuhubiri vitabu vyake."

Tulicheka, isipokuwa mama wa Michenga. Alikuwa ameketi juu ya gunia, mikono mapajani. Mchele mchanganyiko bei yake ingemtosha kuezeka upande mmoja tu.

Mkurugenzi alimwendea, akachuchumaa mbele yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Acha kujisumbua. Mvua hiyo, si wewe."

"Mvua haikupokea mpunga wako, mama. Niliupokea mimi."

Akamwambia dereva azime injini asubiri. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa na shamba dogo Kisawasawa, na supa yake ilikuwa nyumbani, chakula cha mwaka cha familia na wageni. Ikaletwa kwa trekta, nikaikoboa mchana ule ule, ikapikwa. Uani pakanukia hadi wapita njia wakachungulia getini. Gunia kwa gunia ilichukua nafasi ya mzigo wa mama yule, na mnunuzi akailipia kama supa, maana ndivyo ilivyokuwa. Mchanganyiko ukapelekwa nyumbani kwa mkurugenzi.

Vijana walisubiri kufokewa. Aliwaambia tu kwamba tangu siku hiyo aina mbili hazitaanikwa uwanja mmoja, kisha akaenda kunawa mikono. Mimi nilibaki nimeshika mkanda wa mashine, nimesahau nilichotaka kuufanyia.

Miezi baadaye nilipeleka kipuri nyumbani kwake, nikawakuta wakila. Mumewe alinisogezea sahani.

"Karibu, fundi. Mwaka huu harufu ya supa tunanusa kwa jirani."

"Kula na wewe," mkewe alimjibu, "unaongea kama hujashiba tangu Pasaka."

Hakuniomba radhi kwa wali ule, wala hakueleza chochote. Niliinamia mvuke wa sahani yangu kama alivyoinamia yeye sufuria siku ile. Haukunukia kitu. Nikaongeza mchuzi, nikala taratibu mpaka punje ya mwisho. Aliponiuliza kama naongezwa, nilisogeza sahani kwa mikono miwili.