Nilicheka Siku ya Waya wa Spika

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu marahaba. Admin, jina langu lifiche, maana Tabora hapa tunajuana na msikitini bado nasimama safu moja na hawa watu. Nina miaka sabini na minne, mwalimu mstaafu, mke wangu alishatangulia mbele za haki. Binti yangu ndiye aliyeniwekea ukurasa huu kwenye simu. Visa vya ndoa nimevisoma mpaka nimechoka, leo someni cha mzee. Majina yote nimeyabadili.

Ujana wangu ulikuwa miaka ya Ujamaa, na tulikuwa marafiki watatu. Mimi Mnyamwezi, mwalimu wa shule ya msingi. Sefu, Mzaramo, fundi wa karakana ya reli, nilipanga naye nyumba moja Chemchem. Na Nizar, Mhindi wa hapahapa, baba yake akiwa na duka la redio na santuri Kanyenye. Nizar kazaliwa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyelipwa kukifundisha.

Sefu alikuwa na wazimu wa sauti. Aliunda spika mbili kwa mbao za mninga, akazipiga msasa mpaka unauona uso wako. Akawa anatuambia waya ndio mshipa wa muziki, ukiwa mbovu hata spika ya dhahabu itakoroma. Wakati ule vitu vya nje havikupatikana, lakini Nizar alipekua stoo ya baba yake akapata kipande cha mwisho cha waya mnene wa shaba. Mama yake akaushonea ala ya kitambaa ili panya wasiutafune. Nizar akamkabidhi Sefu zawadi ile mbele yangu. "Usiufumue, bwana, mama kashona siku nzima," alisema. Sefu akauweka juu ya kabati kusubiri Jumamosi, siku aliyoalika watu waje kusikiliza.

Sasa kwa wasiojua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu mababu zetu walipokuwa wakipanda na kushuka na mizigo njia ya pwani. Mtani hakasiriki. Sefu aliwahi kunificha viatu siku ya Idi, nikaenda kuswali na ndala za mama mwenye nyumba huku yeye ananiita mpagazi. Nikaapa nitalipa. Jumamosi asubuhi akiwa kazini nikafumua ile ala, nikatoa shaba, nikaweka waya mwembamba wa kengele nilioufungia matambara unenepe, nikashona tena. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: auunganishe, sauti itoke vibaya, ahangaike, halafu nitoe waya wake tucheke wote.

Jioni watu wakajaa, hata balozi wa nyumba kumi alikuwepo. Sefu akaweka santuri. Sauti ikatoka nyembamba, inakatikakatika. Akakunja uso, akachukua kisu akaichana ile ala. Alipouona waya wa kengele hakunitazama mimi. Alimgeukia Nizar.

"Kumbe na wewe ni mnyonyaji tu! Wa maana umebaki dukani kwenu, mimi unaniletea takataka imeshonwa!"

Vijana wa leo hamjui uzito wa neno mnyonyaji miaka ile, lilikuwa jina la adui wa taifa, tena kwa mtoto wa duka, tena mbele ya balozi. Nizar akageuka. Alinitazama mimi. Alikuwa anaujua utani wetu, akajua ni mimi, akawa anasubiri niseme. Na mimi kile kicheko nilichokiandaa tangu asubuhi kikanitoka. Wallahi sikumcheka yeye. Lakini watu walidhani namcheka Nizar, nao wakacheka. Akachukua baiskeli yake akaondoka. Nikaogopa kusema. Kesho yake nikaona aibu kwamba sikusema jana, na wiki ikapita hivyohivyo.

Mji mzima ulilipata lile neno. Miezi michache baadaye familia yao ikahama nchi. Nizar alikuja kuniaga shuleni, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Ungenificha viatu ningecheka," aliniambia. "Lakini mimi sikuwa mtani wenu, mwalimu. Mimi nilikuwa rafiki yenu."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga hawakukosea. Nimefundisha watoto methali hiyo miaka thelathini, na kila mara nilimwona Nizar mlangoni.

Mwezi uliopita binti yake alinipata kupitia mwanafunzi wangu wa zamani. Nizar anaumwa, madaktari wameshawaambia wamrudishe nyumbani. Ana ombi moja tu, Sefu ampigie simu. Binti hajui waligombania nini, baba yake hakuwahi kumwambia mtu. Miaka hamsini amenisitiri mimi.

Sefu yupo, tunaishi mitaa miwili tu. Alifiwa na mkewe kama mimi, na kila mchana anakula kwangu. Watoto wetu wako mbali, kwa kweli sina mtu mwingine. Nilimpelekea ombi lile, akaweka kijiko chini.

"Mwambie hivi," akasema. "Siku akinieleza waya wangu aliupeleka wapi, siku hiyo nitampigia."

Nikanyamaza tena, mzee mzima. Nikimwambia ulikuwa utani, utani gani wa miaka hamsini? Atanyanyuka pale mezani na hatarudi. Nikikaa kimya, Nizar atakufa akiitwa mwizi na mtu aliyempa zawadi. Jana binti yake kaandika kwamba baba haongei tena, ila bado anasikia.

Waya ule ninao. Uko chini ya kitanda hiki nilichokalia, kwenye sanduku la bati, shaba yake imegeuka kijani. Sefu atakuja kula saa saba. Wanangu, niambieni mapema, naanzia wapi?