Bi Chiku Agoma Kushuka

Mwahija aliondoka Tabora akiwa bibi arusi, kwa miguu, nyuma ya punda wa mumewe Bashiri waliobeba majora ya nguo. Safari ya kwenda Shinyanga ilikuwa ya kulala porini na kuwasha moto kufukuza fisi. Kisigino kilimchanika, akawa anachechemea mpaka wanafika. Mama yake, Bi Chiku, alimlilia siku ya kuondoka kama aliyefiwa, kwa sababu yeye mwenyewe mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, na alijua hawezi kumfuata.

Miaka ikapita. Salamu zilikuja na wachuuzi, nyingine zimeshachacha: Mwahija alizika watoto wawili, na mara zote mbili pole ya mama yake ilifika kaburi limeshaota majani.

Kisha reli ikaletwa Shinyanga. Mwahija alipojifungua tena, Bashiri akatuma nauli, na Bi Chiku akapanda gari la moshi asubuhi, amejitwisha unga, nyama kavu, sufuria na mkeka.

Jioni ile Mwahija alisimama stesheni na mtoto kifuani. Abiria wakashuka wakaisha, mama hayumo. Akapita behewa moja baada ya jingine, mpaka akasikia sauti anayoijua, inagombana.

"Mayu, umefika. Shuka," Masele, mfanyakazi wa reli, alikuwa anambembeleza kwa adabu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Usinichezee, mwanangu. Shinyanga ni mbali. Mimi hata chakula changu cha njiani sijakigusa!"

Mwahija akapanda. "Shikamoo, mama."

Bi Chiku aliinua uso. Akamtazama, akamshika shavu, akashika la pili.

"Mwahija? Umenifuata njiani na mtoto mchanga hivi? Bashiri amekuruhusu vipi?"

"Sijakufuata, mama. Nyumbani ni pale, nyuma ya ile miembe."

Mama akachungulia dirishani. Kisha akamgeukia.

"Ndiyo kusema ulikuwa hapa? Siku zote hizo, ulikuwa hapa tu?"

"Nilikuwa mbali, mama. Sasa ndiyo pamekuwa karibu."

Bi Chiku alimpokea mtoto, akamfunua uso, akalia taratibu bila kujificha. Masele akabeba sufuria na mkeka, akawatangulia kushuka.

Bi Chiku alikaa mpaka mtoto akaanza kukaa mwenyewe. Ndipo akasema anakwenda kutazama nyumba yake, atarudi kwa Maulidi. Na kweli alirudi. Akawa mtu wa kwenda na kurudi. Nywele zilipokuwa nyeupe zote, alikuwa na kitanda chake Tabora na kingine Shinyanga, na mashoga wa kugombana nao katika miji yote miwili.