Ndoo ya Yaurti Chini ya Meza

Huku Mantapala, kwa kupika na yaurti, yale maziwa mazito ya kuganda, hakuna mutu wa kunishinda mimi Mama Neema. Naiweka mu mandazi, inakuwa laini. Naiweka mu samaki, sosi inakuwa nzito. Tena mimi sionji. Mupishi mwenye kujua kazi aonje nini?

Siku ya kumupokea pasteri mugeni, nilifika jikoni ya kanisa asubuhi, nikaweka ndoo yangu ya yaurti, yenye picha ya ng'ombe, chini ya meza, nikaenda kuparua samaki nje. Niliporudi, nikaona ndoo yenye picha ya ng'ombe. Kwetu ndoo ya namna hiyo, yaurti ikiisha, haitupwi, inawekwa chumvi ao mbegu, lakini miye nilimwaga yote mu sufuria bila kunusa. Sosi ikashika mpaka kijiko kikasimama chenyewe.

Kisha ibada kuisha, watu wakala, wakasifu. Nikasimama katikati ya wamama, nikawafundisha: "Siri ni yaurti, munaona?"

Ndipo akaingia Mama Esta, mwenye kupiga pasi kanzu zote za kanisa. Nzi walikuwa wanamufuata.

"Bamama, ule uji wa muhogo wa kukaza kola, nani aliuharibu? Tangu asubuhi kanzu zinanuka maziwa!"

"Uji gani?" nikauliza kwa sauti kubwa, mwiko mkononi.

"Ule niliuacha chini ya meza, mu ndoo ya yaurti."

Vijiko vyote vikasimama. Pasteri mugeni akanusa kola yake, kisha akaangalia sahani yake.