Aliyetengeneza Jeneza Akabebwa kwa Machela

Tulimzika jirani yangu Jumanne baada ya sala ya alasiri, na miguu yake ilikuwa nje. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloliona kila nikifumba macho. Alikuwa mtu mrefu. Machela tuliyoazima zahanati ni ya turubai, fupi, na kila tulipomsogeza juu kichwa kilitaka kutoka upande wa pili. Mwisho tukamwacha hivyo hivyo, nyayo zinachezacheza ndani ya sanda kwa kila hatua, turubai limebonyea katikati, na sisi wabebaji tunatazama mchanga ili tusitazamane. Aliyekuwa nyuma yangu alikuwa akilia, na kilio chake kilikuwa cha hasira. Maana maiti huyu ndiye seremala aliyetengeneza jeneza la msikiti wetu hapa kisiwani Ndau. Amewabeba humo wazazi wetu, wake zetu na watoto wetu. Siku yake ilipofika, jeneza liko Lisboni, Ureno, limekatwa kwa msumeno vipande viwili, na watu wanapita katikati yake wameshika glasi za mvinyo.

Kwa msomaji asiye Mwislamu nieleze kidogo. Jeneza letu halifukiwi. Humpeleka mtu kaburini, kisha hurudi msikitini likamngoja mwingine. Mtaniuliza, hamkuwa na kitanda cha kamba? Vitanda vya kamba vimekwisha, siku hizi kila nyumba ina kitanda kizito cha mbao na godoro la dukani, hata mlangoni hakipiti. Na Mbwajumali, kijiji cha ng'ambo ya maji, hawana jeneza? Wanalo, na wangetupa kwa moyo mmoja, lakini maji yalikuwa yametoka, mashua zimekaa juu ya matope, na maiti hangojeshwi mpaka bahari ijae. Basi tukaenda zahanati.

Marehemu alianza kazi ya jeneza lile baada ya kumzika mama yake. La zamani lilikuwa limeliwa na mchwa, na siku ile mguu mmoja ulivunjika njiani, bibi wa watu akainama upande mbele ya kaumu nzima. Mwanawe alirudi nyumbani, akatafuta mbao ngumu za mbambakofi, akalichonga jipya mpaka likawa zuri kupita milango ya matajiri wa Lamu, ubavuni nakshi, mishikio laini kama mkono wa mtu. Kisha akaliweka wakfu. Wakfu maana yake limetoka mikononi mwa watu wote: haliuzwi, halirithiwi, halitolewi zawadi. Lakini kuazimana tuliazimana. Kijiji jirani kikikwama, huja na mashua, hulichukua, na kabla ya matanga kwisha hulirudisha limeoshwa na ndani yake wameweka fungu la ubani. Hakuna aliyeandikiana na mwenziwe. Nani ataiba jeneza?

Msidhani alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa na mdomo. Kuna mwenye duka mmoja hapa, mwili wake mashallah, na kila akipita barazani marehemu humsimamisha. "Bwana, punguza wali. Nilipopima mbao hukuwa hivi." Mwenye duka naye hakuwa mnyonge: "Kwani hukuyuwa kama nitafanikiwa?" "Naliyuwa. Nikaamba, huyu tutampeleka mara mbili." Watu wakafa kwa kucheka. Na alikuwa mtu wa kujisifu, nisimpambe kwa kuwa amekufa. Mgeni yeyote aliyeshuka Ndau alipelekwa kwanza kuonyeshwa jeneza, na asiposhtuka kwa uzuri wake marehemu hununa mpaka magharibi.

Ndipo wakaja wale. Alikuja msanii mwanamke kutoka Rotterdam, Uholanzi, mpole, anayekaa chini na watu na kula kwa mkono. Alikuja na mwenyeji wake, ambaye jina la kazi yake ni mratibu. Tulielezwa kwamba wasanii wa Rotterdam na wasanii wa Lisboni wana mabadilishano yao. Msanii wa mji huu hukaa mahali pa mbali, hurudi na kitu, humkabidhi mwenziwe wa mji ule, kisha hufanywa maonyesho. Tulichoelezwa kilikomea hapo. Mwanamke aliliona jeneza, akashtuka vya kutosha, na marehemu akampenda kama mwanawe. Jioni ile barazani palikuwa na imamu wetu wa zamani, marehemu, mratibu na mimi. Imamu ametangulia, seremala ametangulia. Kati ya wenyeji nimebaki peke yangu, na ndiyo sababu naandika.

Mratibu akasema, "Mzee, hakuna stori. Linaenda, linaonekana, linarudi."

Imamu akauliza, "Ni la wakfu hili. Wayuwa?"

"Nayuwa, Shekhe. Mimi si mtoto wa hapa hapa?"

"Na mtu akifa?"

"Mtaazima Mbwajumali muda mfupi. Kwani hamuazimani?"

Imamu akamgeukia seremala. Seremala tayari alikuwa ametabasamu. "Nao waone," akasema. "Wadhani nti hii kazi yetu ni kuvua samaki tu." Basi tukalitoa kama tunavyotoleana sisi kwa sisi. Kosa hili angelifanya mtu wa visiwani peke yake. Tuliwahesabu kama kijiji jirani kilichokwama.

Msiniletee habari za kulaumu watu wa bara hapa, maana najua mnapenda kuanzia huko. Mratibu ni mtoto wa Lamu. Baba yake tulimzika, na yeye mwenyewe alitia bega. Kwa hiyo haniambii kwamba hakujua jeneza ni nini.

Mimi ndiye niliyelivusha hadi Mokowe, upande wa bara, kwa boti yangu, na nililoliona gatini nitalieleza mbele ya kadhi. Wapagazi walipoona jeneza linateremshwa waliweka mizigo chini. Mmoja akavua viatu. Wakaja mbio kutia mabega kama ilivyo ada yetu, na mzee wao akauliza kwa sauti ndogo, "Nani huyu?" Mratibu akacheka. "Hamna mtu ndani, jamani. Ni sanaa." Yule mzee akamtazama kuanzia viatu vyake vyeupe mpaka juu, akamwambia, "Kumbe sanaa ndiyo iliyokufa yeo." Watu wakacheka, mratibu naye akacheka, na yule msanii alikuwa ameshawapiga picha wapagazi walipoinua mikono kumwombea mtu asiyekuwepo. Hakuambiwa wanafanya nini. Au aliambiwa, akaona inapendeza zaidi.

Likaenda. Imamu akafariki akabebwa kwa jeneza la kuazima, na seremala aliona aibu siku ile hata hakukaa matangani. Baadaye binti yake, aliyeolewa Mombasa, akampelekea picha kwenye simu yangu. Kumbe katika mabadilishano yao, kitu kikishakabidhiwa ni mali ya aliyekipokea, na ana ruhusa ya kukifanya atakavyo. Msanii wa Lisboni alilikata katikati, akayasimamisha mapande mawili kama miimo ya mlango, akatia taa nyekundu. Ukutani pana maandishi yenye jina lake na jina la mwenziwe wa Rotterdam, na chini yake kwa herufi ndogo: kifaa cha mazishi kilichoachwa, pwani ya Afrika. Kilichoachwa! Binti alimtafuta mwanamke wa Rotterdam, akamjibu kwa adabu kwamba anasikitika sana, lakini mratibu alimhakikishia kwamba kijiji kina jeneza lingine jipya na hili halitumiki tena. Marehemu aliitazama picha ile. Alinirudishia simu na neno moja tu: "Wamelisimamisha."

Wapo waliomwambia, tengeneza lingine tuishe. Imamu mpya, kijana mwema, alimfuata mpaka karakanani. "Baba, mikono yako ingali mizima. Mbao tutachanga." Nilikuwepo. Marehemu akaendelea kupiga randa mguu wa kiti cha mtu. "Nikitengeneza la pili, hilo la kwanza nimewapa. Na si langu niwape." Imamu akamwambia watu wanaumia. "Waumie, wapate kuuliza liko wapi." Wengine walimwita mkaidi, na walikuwa na haki ya kusema, kwa sababu ukaidi wake tuliulipia sote, kila msiba tunakimbilia boti. Mwenye duka alimwambia waziwazi, "Bwana, wewe wagombana na Wazungu, sisi ndio tunaobebwa." Safari hii hakuna aliyecheka. Lakini mimi nilimwelewa marehemu. Angechonga jipya, kijiji kingesahau kwa mwezi mmoja, na uongo wa mratibu kwamba tuna lingine ungegeuka kweli kwa mikono ya yule yule aliyedanganywa.

Nimefikiri sana juu ya neno hili, mabadilishano. Shule niliiacha mapema, lakini najua kubadilishana: nikupe samaki, unipe nazi. Rotterdam iliipa Lisboni, Lisboni ikaipa Rotterdam, na wote wawili wakapigiwa makofi. Ndau imepata nini? Hawa watu wawili walibadilishana kitu cha mtu wa tatu, naye hakualikwa hata kuja kutazama kikikatwa. Wareno wa zamani walipotaka vitu vya visiwa hivi walikuja na mizinga, na wazee wetu wakajua hawa ni maadui. Hawa wa sasa wamekunywa chai yetu, na mwenzetu ndiye aliyewashikia kikombe. Tulichojifunza ni kidogo na kimekuja tumechelewa: ukarimu wetu una mpaka, na mpaka wenyewe ni pale mtu anapoazima kitu asichokihitaji. Jirani huazima jeneza kwa sababu ana maiti nyumbani. Anayeliazima bila kuwa na maiti, mwulize analitakia nini, na asimame hapo hapo mpaka ajibu.

Majina siyaandiki, mhariri amenikataza, lakini kazi zao nimezitaja na wenyewe wanajijua. Msanii wa Lisboni, turudishie mapande yote mawili jinsi yalivyo, tutayaunga wenyewe. Msanii wa Rotterdam, usitusikitikie, mwambie mwenzio. Na wewe mratibu, unayekaa Lamu ufukweni na kahawa yako, unayewapokea wageni wengine mwezi huu kwa mradi mwingine, Ndau si mbali. Njoo Ijumaa. Simama mlangoni mwa msikiti watu wakitoka, utuambie ni nani aliyekuambia tuna jeneza lingine, na liko wapi tukalichukue. Dada wa marehemu yuko kitandani, wiki hii hajanyanyua kichwa, na yeye ni mrefu kama kaka yake. Njoo utujibu: siku yake ikifika na maji yametoka, tumbebe juu ya kitu gani?