Kikohozi cha Polisi Asiye na Sauti

Siku ya kwanza kazini sikupewa hata kiti. Nilipewa kipaza sauti, nikaambiwa nikiweke mbali kidogo na mdomo na nisiseme lolote lisiloandikwa. Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Shule nilikuwa nimeiacha mapema. Nilikwisha kubeba magunia bandarini, kuchemsha chai Kisauni na kukaanga samaki Likoni, na hakuna kazi iliyonishika mwaka mzima. Hii ya gari la sinema ilinishika kwa kuwa nilitaka kujua zile picha hutembeaje.

Gari letu lilizunguka upande wa bara wote, Likoni, Changamwe, Kisauni hadi Utange. Tulikuwa watatu: dereva, Fundi wa mashine, na mimi mfasiri. Kazi ya mfasiri ni kusimama kando ya shuka jeupe na kuwaeleza watu wanachokiona. Tulianza na picha za vyoo na mbu. Mwisho, kama sukari baada ya kwinini, ilikuja picha ya kuchekesha isiyo na sauti: polisi mnene anamfukuza mchukuzi mwembamba, na kila akimkaribia, huteleza yeye.

"Hiyo usiifasiri," aliniagiza Bwana Afisa wa Habari, Mzungu mwenye Kiswahili cha kitabuni. "Watu wacheke, lakini wasicheke sana."

Fundi, Mlikoni aliyenizidi miaka ishirini, alinifunza jambo jingine. "Ukisimama pale mbele, mwanga wa shuka huwapiga watu usoni. Usitazame picha, mwanangu. Tazama nyuso. Asiyecheka, mjue."

Nikawajua. Karibu kila uwanja ulikuwa na mmoja aliyeketi kama yuko mahakamani. Nyakati zile mtu akikuuliza habari za nyumbani, ulijiuliza katumwa na nani.

Kosa langu nililifanya Likoni, baada ya magharibi. Mkubwa wa serikali wa upande ule, mvaa tarbushi, alikuwa na ada ya kukohoa mara mbili kabla ya kutoa amri. Polisi wa picha alipoinua rungu, ulimi uliniwasha. Nikakohoa mara mbili kwenye kipaza sauti, nikasema, "Wewe mchukuzi, simama nikutie adabu."

Uwanja ukaangua kicheko. "Wallahi ndiye," bibi mmoja akasema huku akijifuta machozi kwa leso. "Bado kumvisha tarbushi tu." Nikazitazama nyuso kama nilivyofunzwa. Zote zilikuwa zikicheka.

Siku ya tatu Bwana Afisa akaniita. Mezani palikuwa na barua isiyo na jina, yenye maneno yangu yote, na vikohozi vyote viwili.

"Mkubwa amekasirika," akasema. "Jumamosi mtaionyesha picha hii Changamwe, mbele yake na mbele yangu. Likikutoka neno moja, kazi huna, na polisi watakuwa na maswali yao."

Uwanjani wote walicheka; waliobaki ni wenzangu wawili, na dereva hakujua kuandika. Nikamwendea Fundi.

"Ni nani aliyeandika?"

"Waniuliza au waniambia?" akajibu, akaendelea kufuta lenzi.

Jumamosi mchana tuliziba madirisha ya ukumbi kwa magunia. Wafanyakazi wa Changamwe walijaa hadi mlangoni. Mkubwa na Bwana Afisa waliketi mbele. Nikakiweka kipaza sauti sakafuni wakione. Polisi akainua rungu. Kisha mtu wa nyuma akakohoa mara mbili. Akafuata wa upande wa pili. Polisi hajaanguka bado, ukumbi mzima unakohoa, wazee kwa vijana, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Habari za Likoni zilikuwa zimevuka maji kabla yetu.

"Wana nini hawa?" Bwana Afisa akauliza.

"Vumbi la magunia, bwana," Fundi akaitikia kutoka kwenye mashine.

Mkubwa akasimama awakemee. Akafungua mdomo, koo likamkereketa, akajua kitakachotangulia kutoka. Akaketi.

"Hukusema neno," Bwana Afisa aliniambia baadaye, akinikazia macho. Nikabaki na kazi yangu.

Uhuru ulipokuja tukapata Afisa mpya, mwenzetu. Wiki ya kwanza aliagiza, "Ile ya polisi iwekeni kabatini. Sasa polisi ni wetu." Niliitikia naam, nikamtazama uso.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza ni nani aliyeandika ile barua. Nawaambia nilizitazama nyuso zote za Likoni, ila mmoja. Ukisimama kando ya shuka, taa ya mashine hukupiga machoni, na aliye nyuma yake humwoni. Fundi alinitoa shimoni kwa neno moja la vumbi. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake, na hata leo sijui siku ile alikuwa ananiokoa au anatubu.