Shahidi wa Mateke ya Dominiko

Dominiko alifukuzwa kitandani Jumapili, mara tu baada ya misa ya kwanza, mkewe Bernadeta akiwa bado na rozari mkononi.

"Nimekuvumilia miaka thelathini na moja," alisema. "Jana umenipiga teke nikagonga ukuta, halafu ukauliza nani anabisha hodi."

Kila Dominiko alipojinyoosha kulala, miguu ilianza vituko, kama siafu wanapandana ndani ya mfupa, na hapakuwa na nafuu mpaka aitikise au ainuke atembee. Akisinzia, miguu iliendelea na safari bila yeye. Mchana, kwenye miteremko ya Kinole, ilikuwa miguu ya heshima kabisa. Ilipandisha mikungu ya ndizi bila neno.

Nyumba ile imejengwa kwenye ardhi ya ukoo wa Bernadeta, kwa hiyo hapakuwa na mjadala wa nani ahame. Dominiko akapelekwa stoo, na huko nako kwa muda tu. Karafuu zikianza kuvunwa, stoo ingejaa.

"Baada ya hapo," alisema Bernadeta, "kuna kwa mama yako, Mlali."

Dominiko alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mama yake alikuwa na themanini na nne, na kitanda kimoja.

Ndipo akateremka mjini Morogoro kwa watu wa utafiti, aliowasikia redioni wakitafuta watu ambao miguu yao haitulii usiku. Mtafiti mmoja, binti aitwaye Irene, alimpa shikamoo, akamtoa damu, kisha akamfunga kifundoni kitu kama saa isiyo na mishale.

"Hiki kitahesabu kila mtikisiko, baba, kwa usiku saba. Na fomu hii ajaze shahidi, mtu anayelala chumba kimoja na wewe. Bila fomu hatuwezi kuendelea na dawa."

"Mama watoto yuko chumba kingine."

"Basi yeyote unayemwamini."

Hapo ndipo Dominiko alipokosea. Alimwendea Mansuri, mtani wake. Koo zao zinataniana tangu enzi za mababu: Mansuri anaweza kuingia jikoni kwake akafunua chungu, anaweza kumtukana hata msibani, na Dominiko haruhusiwi kununa. Kwa utani huohuo, Mansuri hawezi kumkatalia shida yake. Dominiko alikumbuka hilo la mwisho tu.

Mansuri alikuja na mkeka, mto na kofia ngumu ya bodaboda.

"Hiyo ya nini?"

"Habari za ukuta wa mkeo zimefika hadi msikitini."

Siku ya nane Irene alipanda Kinole na kompyuta yake, akakaribishwa kigoda uani, karibu na Dominiko na Mansuri. Bernadeta alikuwa pembeni akikwangua magome ya mdalasini, amejifanya hasikii. Irene akafungua fomu na kuisoma kwa sauti.

"'Usiku wa kwanza. Dominiko amepiga kona. Refa kalala. Usiku wa tatu. Amekimbia hadi Kisaki na kurudi, hakuleta hata samaki. Usiku wa tano. Ametulia. Nikadhani amekufa, nikaanza kujichagulia mashati.'" Irene alikohoa kidogo. "Jumla, mateke kumi na manne."

Kisu cha Bernadeta kilisimama. "Kumi na manne kwa usiku?"

"Kwa wiki nzima, mama."

"Mansuri! Wewe ulikuwa unalala!"

"Kidogo tu, shemeji. Ile kofia inaleta usingizi."

"Kumi na manne! Hayo anayapiga kabla hajamaliza kusali! Mimi nimekula mateke ya mtu huyu nikiwa na mimba tatu, leo unayaandika kama ya kuku?"

Irene akageuza kompyuta. Kifaa kilikuwa kimehesabu mitikisiko elfu moja mia tisa na kitu. Damu ya Dominiko nayo ilionyesha upungufu wa madini ya chuma, na vidonge vipo, lakini fomu na kifaa havikukubaliana hata kidogo. Ingebidi kuanza upya, na shahidi mwingine.

Dominiko akatazama stoo. Gunia la kwanza la karafuu lilikuwa limeshaingizwa asubuhi ile, limekaa juu ya mkeka wa Mansuri. Alianza kukiwaza kitanda cha mama yake.

"Lete fomu," Bernadeta alisema, akajifuta mikono kwenye kanga. "Nitaandika mwenyewe. Na atalala palepale panapojulikana, siyo stoo kwa wahuni."

"Mhuni anasikia," alisema Mansuri.

Usiku huo Bernadeta aliegemea ukuta, mto mgongoni, taa ya sola pembeni na kalamu mkononi. Dominiko alijinyoosha upande wake wa zamani. Wakangoja. Kwa mara ya kwanza tangu harusi, miguu ilitulia kama ya mgeni sebuleni.

"Dominiko."

"Naam."

"Piga."

"Haiji, mama."

"Piga basi! Yule binti ataniona mwongo."

Dominiko akafumba macho. Aliomba kwa jina la kila mtakatifu aliyemkumbuka. Alikuwa amefika kwa Mtakatifu Antoni pale siafu walipoamka, na mguu wa kulia ukaruka, ukaisukuma taa hadi chini ya kabati.

"Moja!" alisema Bernadeta, akaandika gizani. "Na usithubutu kwenda popote. Bado elfu moja mia tisa."